Nilipotafuta Kitabu cha Sarufi Garissa

Asubuhi hiyo bosi wangu aliniita ofisini kwake, ripoti yangu ya wiki ikiwa mkononi. Hakuwa amekasirika. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaniuliza, "Dada, kile kisima cha Sangailu kimetengenezwa, au bado kinatengenezwa?"

"Bado," nikasema. "Mafundi wako huko. Pampu wameitoa, hawajairudisha."

"Lakini hapa umeandika kimetengenezwa."

Akanigeuzia karatasi. Nilikuwa nimeandika "The borehole is repaired", nikiamini hivyo ndivyo Mwingereza anavyoisema kazi ambayo bado inaendelea. Wenzetu wa Nairobi waliisoma kama ilivyoandikwa. Walikuwa wamempigia bosi kumweleza kwamba lori la maji lililokuwa liende Sangailu watalielekeza Modogashe, kwa kuwa Sangailu sasa mambo ni sawa. Bosi aliwapigia palepale nikiwa nimesimama mbele yake, akawaeleza, wakaelewa, na lori likaenda Sangailu kama lilivyopangwa. Hakuna aliyekosa maji kwa sababu ya sentensi yangu.

Hata hivyo nilirudi kwenye meza yangu nikiisoma tena ile sentensi. Sangailu si jina la kwenye ramani kwangu. Mjomba wangu, kaka yake mama, anachunga huko, na wake zake ndio hubeba mitungi ya plastiki kwenda kungoja lori. Akilini niliwaona wameketi kando ya barabara, leso usoni kwa sababu ya vumbi, wakingoja gari ambalo limekwenda upande mwingine kwa ajili ya kineno kimoja, "being", ambacho sikujua mahali pake.

Kazi yangu ni kupokea habari na kuziandika. Ofisi yetu hapa Garissa inashughulikia ukame na mifugo, na maafisa walio nyanjani hunipigia simu kutoka Ijara, Sangailu, Modogashe na vijiji vilivyo katikati. Wananieleza kwa Kisomali, au kwa Kiswahili wakiwa watu wa mikoa mingine: mvua imenyesha wapi, nyasi ziko vipi, mbuzi wanauzwaje sokoni, kisima kipi kimekufa. Mimi nazichukua habari hizo na kuzigeuza ziwe Kiingereza. Zikiingia masikioni mwangu huwa hai, zimejaa watu. Zikitoka kwenye kompyuta yangu siku hizo zilikuwa kama mbuzi aliyefungwa miguu.

Kabla sijatoka ofisini, bosi aliniambia, "Tafuta kitabu kizuri cha sarufi usome. Akili unayo."

"Kitabu gani, bosi?"

Alifikiri kidogo. "Sijui. Mimi Kiingereza nilifundishwa kwa kiboko."

*

Jioni nilipita kwenye duka la vitabu karibu na soko. Ni duka ambalo pia huuza sare za shule, misahafu, na mabegi ya watoto. Muuzaji alikuwa mama mmoja mpole, akiwa amekaa nyuma ya kaunta na feni ndogo ikimpepea.

"Nataka kitabu cha sarufi ya Kiingereza," nikamwambia.

"Cha darasa la ngapi?"

"Si cha darasa. Ni changu mwenyewe."

"Sawa, mama. Wewe uko darasa la ngapi?"

Hakuwa akinidhihaki. Kwake kitabu kina darasa kama kiatu kinavyokuwa na namba. Nilimwambia nilimaliza shule zamani, nafanya kazi, lakini nataka kuandika vizuri zaidi. Akanitazama kwa huruma, akazunguka nyuma ya mabegi, akarudi na kitabu kinene cha kujiandaa kwa mtihani. "Hiki wanafunzi wanakipenda," akasema. "Majibu yote yako nyuma."

Majibu kweli yalikuwa nyuma, tena majibu matupu. Nilifanya mazoezi sebuleni kwa siku kadhaa baada ya sala ya Alasiri. Nikikosea, kitabu kinaniambia jibu ni C. Kwa nini C? Kitabu hakisemi. Nilijikuta nakariri C bila kujua imetoka wapi, kama mtu anayekariri namba ya nyumba katika mji asioujua. Mwishowe nilimpa mpwa wangu aliyekuwa darasa la nane, akafurahi sana, na mimi nikabaki nilipokuwa.

Pale ofisini meza yangu inapakana na ya msichana aliyemaliza chuo Nairobi, mjanja wa simu na kompyuta. Aliponiona nahangaika alivuta kiti chake karibu.

"Abaayo, hii kitu ni rahisi," akasema. Abaayo ni dada, na yeye huniita hivyo hata akiwa ananicheka. "Unajitesa na vitabu za nini? Weka hii program, itakurekebishia kila kitu."

Akaniwekea. Kwa wiki nzima nilijiona tajiri. Nikiandika, mistari myekundu inatokea chini ya maneno, naigusa, maneno yanajinyoosha yenyewe. Bosi alianza kurudisha ripoti bila alama za masahihisho. Kisha siku moja afisa wetu wa Modogashe alinipigia akasema ngamia wa huko wamekauka, yaani maziwa yamekatika, ukame umewafikia. Ni habari kubwa kwetu. Ngamia akikauka, watoto wamebaki bila kitu. Nikaandika "The camels have dried". Mstari mwekundu ukatokea. Nikaugusa bila kutazama, nikaendelea na aya iliyofuata.

Kabla ya kutuma nilisoma ripoti yote mara moja, kwa bahati tu, kwa sababu mtandao ulikuwa umekatika na sikuwa na la kufanya. Pale nilipoandika "dried" palikuwa pamekaa "died". Ngamia wote wa Modogashe walikuwa wamekufa, na mimi ndiye niliyewaua.

Nilimwita yule msichana aone. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaisoma tena sentensi ile na kicheko kikamkauka.

"Nairobi wangetuma watu wa televisheni," akasema polepole.

"Na mimi ningewaambia nini?"

Program sikuifuta, ninayo hata leo, inanisaidia kuona herufi zilizoruka. Lakini siku ile nilielewa kwamba inajua maneno ambayo watu huyatumia sana, na haijui nilichokusudia. Kujua nilichokusudia ni kazi yangu. Na kazi hiyo nilihitaji mtu au kitabu cha kunieleza kwa nini.

*

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria mwalimu wangu wa Kiingereza.

Alitufundisha hapa Garissa tulipokuwa shule ya sekondari ya wasichana. Alikuwa mwanamke wa kutoka Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya chini, na akitoka nje ya shule alijifunga mtandio kichwani kwa heshima ya mji wetu, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Sisi wengi tulikuwa hatuwezi kutofautisha P na B, maana Kisomali hakina P. Tulisema "ben" na "baber". Walimu wengine walitucheka. Yeye alimpa kila mmoja wetu kipande cha karatasi, akatuambia tukishike mbele ya mdomo. "Ukisema B karatasi inatulia. Ukisema P inaruka." Darasa zima tukawa tunapuliza karatasi, tukicheka, na mpaka kengele inalia karatasi zote zilikuwa zinaruka.

Kisha ikaja ile miaka ya hofu, magaidi wakishambulia watu wa mikoa mingine, ambayo mtu yeyote wa huku anaijua bila kuelezwa. Walimu waliotoka mikoa mingine walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine kwa makundi. Sisi tulikuwa kidato cha tatu. Jumatatu moja tulikaa darasani tukimngoja, hakuja. Naibu wa mwalimu mkuu aliingia, akasema, "Mwalimu wenu amepata uhamisho," akatoka upesi kabla hatujauliza. Tangu hapo vipindi vya Kiingereza tulisimamiwa na mwalimu wa biolojia, mzee mwema, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hatupigi kelele. Tulisoma wenyewe kwa wenyewe mpaka mtihani. Yale ambayo tungefundishwa mwaka ule, jinsi ya kusema jambo lililotendwa na linaloendelea kutendwa, jinsi ya kutumia vile vijineno "a" na "the", hatukuyasikia kamwe. Nilipopata kazi niliyazunguka kama mtu anavyozunguka shimo alilolizoea barabarani, hadi kile kisima cha Sangailu kiliponiangusha ndani yake.

Kwenye harusi ya binamu yangu nilikutana na msichana tuliyekaa naye dawati moja. Sasa ni muuguzi, mama wa watoto. Tukiwa tunakula nilimweleza shida yangu na Kiingereza, nikasema kwamba ningempata yule mwalimu wetu ningemuuliza ni kitabu gani nitafute.

"Si umpigie?" akasema.

"Namba yake nitaitoa wapi?"

"Mimi ninayo. Kila Idd ananitumia salamu. Kila mwaka, hajasahau." Akafuta mikono, akatoa simu. "Huwa ananiuliza habari zenu. Mimi humwambia mko wazima."

Ilinichukua muda kupiga. Nilijiambia atakuwa na shughuli, atakuwa hanikumbuki. Nilipopiga hatimaye nilijitambulisha kwa jina langu na jina la baba, kama tulivyoitwa darasani.

"Wewe ulikuwa unakaa karibu na dirisha," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Unatazama nje, lakini nikikuuliza unajibu." Nikasikia anacheka kidogo, kisha sauti ikabadilika. "Mama, uko salama? Kuna jambo?"

Nikamweleza yote: kisima, duka la vitabu, jibu C, ngamia niliowaua. Kwenye ngamia alicheka kwa sauti. Kisha akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Je, nikisoma gazeti la Kiingereza naelewa? Naelewa. Nikisikia mtu akikosea, sikio linanishtua? Mara nyingine. Nikiandika, nafikiri kwa lugha gani?

"Kisomali," nikasema. "Halafu Kiswahili. Halafu ndiyo nafika."

"Safari ndefu hiyo. Si ajabu unafika umechoka."

Aliniambia nisitafute kitabu kimoja kitakachonimalizia kila shida, kwa sababu hakipo. Nitafute kamusi iliyotungwa kwa ajili ya mtu anayejifunza, ambayo haimpi maana peke yake, inamwonyesha neno likifanya kazi ndani ya sentensi. "Kamusi ndogo za mfukoni zinakupa neno uchi," akasema. "Hujui linavaa nini." Nitafute kitabu cha sarufi ambacho ukurasa mmoja unaeleza na ukurasa wa pili unakupa mazoezi, na nisikisome kama riwaya, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikikwama mahali, niende kwenye faharasa ya nyuma, nitafute mahali hapo tu. Na mwisho nitafute ripoti moja iliyoandikwa na mtu anayejua, niisome hadi niizoee, nione anaanzaje na anamalizaje.

"Hicho cha sarufi usinunue," akaongeza. "Mimi nimestaafu. Changu kimekaa tu."

Kilikuja kwa basi, kimefungwa kwa gazeti na gundi nyingi. Nilikwenda kukichukua kwenye ofisi ya mabasi. Kilikuwa kimechakaa pembe, jalada limeshikizwa kwa utepe, na kurasa za katikati zilikuwa na madoa ya chai. Kamusi niliipata baadaye, kupitia yule msichana wa ofisini, ambaye alinionyesha kwamba kamusi kubwa za wanafunzi ziko bure mtandaoni, na zinatamka neno ukilibonyeza. Tulisaidiana hivyo. Yeye alijua pa kutafuta, mimi nilikuwa nimeambiwa cha kutafuta.

*

Ninaishi na mama yangu. Alikuja mjini kutoka Ijara baada ya mifugo yake kuisha, na hadi leo akiamka hutazama kwanza mbingu. Hajui kusoma. Nilipoanza kusoma mifano ya kile kitabu kwa sauti, alinisikiliza kwa muda kutoka kwenye mkeka wake, kisha akaniuliza, "Unaongea na nani?"

"Na kitabu, hooyo."

"Kinakujibu?"

"Kikipenda."

Siku hiyo nilikuwa nimekwama kwenye "a" na "the". Kitabu kilieleza kwamba moja ni kwa kitu chochote kati ya vingi, na nyingine ni kwa kile ambacho anayesema na anayesikiliza wote wanakijua. Nilisoma mara mbili, mara tatu. Kwa Kiswahili tunasema kisima, na kisima ni kisima. Niliona kama Mwingereza anatafuta ugomvi tu.

Mama alikuwa anazungumza na jirani mlangoni, kwa Kisomali, habari za nyumbani Ijara. Alisema watu wamechimba kisima. Akasema "ceel", kisima. Jirani akauliza maji yake yakoje. Mama akajibu kwamba maji ya kisima yana chumvi. Lakini safari hii hakusema "ceel". Alisema "ceelka".

Nikaacha kusoma. Kwanza "ceel", kisima fulani, ambacho jirani hakijui. Kisha "ceelka", kile kisima, ambacho sasa wote wawili wanakijua. Mama yangu, ambaye hajawahi kushika kalamu, alikuwa ameipitia ile sura nzima ya kitabu akiwa amesimama mlangoni, na wala hakuwa ameifikiria. Na mimi pia nilikuwa nikifanya hivyo tangu nilipoanza kusema. Kumbe nilichokuwa nikikitafuta kwa Waingereza nilikinyonya kwa mama. Nilikuwa nakipoteza njiani nikipitia Kiswahili.

Nilimpigia mwalimu. Nilimweleza kwa pupa, nikarudia, nikamtolea mifano ya mtu na yule mtu, njia na ile njia.

"Miaka yote niliyofundisha huko," akasema, "nilihangaika na hiyo 'the'. Nilijaribu kuieleza kwa Kiswahili. Na nyinyi mlikuwa mnanitazama tu."

"Hatukujua, Madam."

"Najua hamkujua. Mimi ndiye niliyepaswa kuwauliza. Sikuwahi kuuliza lugha yenu inafanyaje." Akavuta pumzi. "Nieleze tena. Polepole. Nataka kuandika."

Tangu siku hiyo tuliongea karibu kila Jumamosi. Namsomea aya moja ya ripoti, ananisikiliza. Kuhusu ngamia aliniambia, "Usihangaike na kukauka. Andika kwamba hawatoi maziwa tena." Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la mtindo, na alilirudia mpaka likaniingia: sema nani amefanya nini. Nilikuwa nimezoea kuandika kama ofisi zinavyoandika, kwamba ifahamike kuwa imebainika kwamba hali imeendelea kushuhudiwa. Yeye aliniuliza, "Imeshuhudiwa na nani?" Nikajibu, na mchungaji mmoja wa Ijara. "Basi mwandike huyo mchungaji."

Niliandika ripoti moja kwa mtindo huo, fupi, watu wake wakionekana. Bosi akaniita.

"Hii ni sahihi," akasema akiigeuzageuza. "Lakini imekuwa kama barua ya mtoto. Maneno makubwa yako wapi?"

"Nimeyatoa, bosi."

"Nairobi watadhani hatujasoma."

Sikubishana naye sana. Yeye ni mtu mzuri, na maneno yale aliyapata kwa kiboko. Alirudisha mawili matatu kwa kalamu yake, mimi nikayaacha. Wiki iliyofuata alirudisha machache zaidi. Sasa ni kama tumegawana: ukurasa wa kwanza ni wake, una maneno makubwa, na kuanzia wa pili ni wangu.

*

Mwaka jana mwalimu aliniambia angependa kuja Garissa. Alisema kama mtu anayetaja jambo dogo, lakini nilisikia kwamba amelibeba kwa muda mrefu. Watoto wake walimkataza. Yeye aliwajibu kwamba ni mtu mzima.

Nilimpokea kituoni pamoja na yule rafiki yangu muuguzi. Alishuka na begi moja la nguo na katoni ya vitabu vilivyofungwa kwa kamba. Amezeeka, anatembea akiegemea upande mmoja. Mtandio alikuwa amejifunga tayari kabla ya kushuka. Mama yangu alimwandalia wali na nyama ya mbuzi na chai ya maziwa yenye tangawizi, na kwa kuwa hawana lugha moja walishikana mikono muda mrefu.

Kesho yake walikuja wanawake watano tuliosoma pamoja. Tulikaa sebuleni kwenye mikeka, tukampa yeye mto wa kuegemea. Tulicheka, tukakumbushana zile karatasi. Kisha mmoja wetu, ambaye siku zote husema lililo moyoni, akauliza, "Madam, kwa nini hukutuaga?"

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Niliogopa," akasema. "Mume wangu alinipigia akaniambia nipande basi la asubuhi. Nilijua nikija darasani kuwaaga sitaondoka. Nikapanda basi."

"Hatukuwa na mwalimu mpaka mtihani," yule mwenzetu akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha daktari panapouma. "Mimi nilikosa alama za kwenda chuo kwa sababu ya Kiingereza."

"Pole, mwanangu."

"Sikulaumu. Nilitaka tu ujue."

"Nimeshukuru kujua," mwalimu akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, na ya yule mwenzetu pia. Mimi nilifikiri jinsi sisi tulivyobaki, na jinsi yeye alivyoondoka, na jinsi hofu ileile ilivyotuumiza sote. Mama yangu, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliinuka akammiminia chai nyingine.

Baadaye aliomba tumpeleke shuleni. Mlinzi wa lango alitukubalia baada ya kumpigia simu mwalimu mkuu. Ilikuwa saa za masomo. Tulipita kwenye baraza ya madarasa, na katika moja tukasikia mwalimu wa Kiingereza akifundisha. Alikuwa msichana wa hapahapa Garissa, kijana kabisa. Mwalimu wetu alisimama kando ya dirisha, mahali ambapo hawezi kuonekana, akasikiliza. Yule binti alikuwa akiwaeleza wanafunzi sentensi za kutendwa, akawapa mfano kwa Kiingereza, kisha akageukia Kisomali mara moja akaufafanua, akarudi kwenye Kiingereza. Vichwa vyote vikaitikia.

"Umesikia?" mwalimu akaninong'oneza.

"Nimesikia."

"Mimi nisingeweza kufanya hivyo." Hakusema kwa majonzi. Alisema kama mkulima anayetazama shamba la jirani lililostawi.

Katoni yake tuliiacha kwenye maktaba ya shule, isipokuwa kitabu kimoja kidogo cha mambo ya mtindo ambacho alisema ni cha ofisini kwetu, kwa ajili ya bosi, lakini nisimwambie bosi kwamba ameletewa yeye. Nimekiweka mezani karibu na printa, mahali ambapo kila mtu husimama akingoja karatasi zitoke. Nimemwona bosi akikifungua zaidi ya mara moja.

Mwalimu aliondoka kwa basi la asubuhi. Safari hii tulimsindikiza sote, hata yule mwenzetu aliyeuliza swali, ambaye alimletea maziwa ya ngamia kwenye chupa na kumwelekeza ayaweke mahali penye baridi. Basi lilipofika Mwingi alinipigia. Wamesimama kunywa chai, akasema, na jirani yake wa kiti ni mzee wa kutoka Wajir ambaye amemuuliza habari za watoto wake wote mmoja mmoja, sasa wanaanza wajukuu. Nikamtakia safari njema. Ilikuwa Alhamisi, na afisa wa Ijara alikuwa amekwisha kunipigia mara mbili. Nikampigia, nikavuta kompyuta karibu, nikamwambia aanze mwanzo.